Mkono wa Nyuma ya Pazia

Saa nne kasorobo asubuhi, siku ya Ijumaa, Kwanini aliingia maabara akiwa na daftari, kalamu mbili na hasira ya mtu aliyekatizwa chai. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, lakini katika miaka yake ishirini na miwili ya upolisi wenzake walimwita Kwanini, kwa sababu hakuwa na swali jingine. Sasa alikuwa amestaafu, na wizara ilimtuma kwenye hospitali na maabara kila lilipoharibika jambo ambalo wataalamu wenyewe walishindwa kulielewa. Mama huyu aliwahi kukagua maiti bila kupepesa macho. Alichokuwa akiogopa ni sindano, na hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Daktari alimpokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na koti jeupe jipya kabisa ambalo mfuko wake wa kifuani ulikuwa umeshonwa kichwa chini. Kalamu yake ilidondoka mara mbili kabla hawajamaliza kusalimiana. Kwanini aliutazama ule mfuko, akauandika kwenye daftari. Yeye huandika kila kitu, chenye maana na kisicho na maana, kisha huchuja baadaye.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Kwa miaka kumi na mmoja Daktari alikuwa akitengeneza kipimo kipya cha damu cha malale, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o: anakuuma, vijidudu vinaingia kwenye damu, vinajificha humo taratibu, na mwisho vinapanda kichwani. Kipimo cha zamani kilikuwa kinaropoka. Kiliwaita wazima wagonjwa, watu wakachomwa sindano za uti wa mgongo bure, mpaka vijiji vizima vikawa vinajifungia ndani vikiona gari la wapimaji. Hiki kipya kilikuwa kikaratasi cha urefu wa kidole. Unaweka tone la damu, unangoja dakika kumi na tano. Mstari mmoja, wewe mzima. Miwili, una malale. Kabla ya kukiruhusu, bodi ya kuidhinisha vipimo ilitaka kijaribiwe kwa damu za watu sitini wazima, na kilitakiwa kiseme "mzima" mara sitini. Kilisema "mgonjwa" mara tisa.

"Saa kumi jioni bodi inakuja kukifunga," Daktari alisema. "Nikikosa la kuwaambia, tunarudi kwenye kile cha zamani, na watu wanarudi kujifungia ndani na vijidudu vyao."

Kwanini akauliza kwa nini wana hakika kwamba wale tisa ni wazima. Daktari akajibu kwamba waliulizwa wote kama wamewahi kufika kwenye mapori ya mbung'o, wakasema hapana. Na zaidi ya hapo, damu ya kila mmoja ilitazamwa kwa darubini na mtu mwenye uzoefu wa miaka thelathini, naye hakuona kitu. Kwanini akaandika.

Alianza na vitu kabla ya watu, maana vitu havijui kudanganya. Akaangalia jokofu: baridi yake sawasawa, na karatasi ya kumbukumbu ilikuwa imejazwa kila siku. Akauliza habari za muda, kwa kuwa kikaratasi kikiachwa mezani kupita kiasi huweza kuota mstari usio wake. Daktari akamwonyesha saa ya mezani yenye kengele, akamwambia husoma vikaratasi mwenyewe, dakika ya kumi na tano, wala haendi hata msalani. Hapo napo hapakuwa na kitu.

Kisha akaomba orodha ya wale tisa. Majina hayakuwemo, kwa sababu za siri. Kulikuwa na namba tu, umri, kazi na siku ya kutoa damu. Mwalimu, mwashi, kinyozi, dereva, mpiga picha, mchimba visima, mfuga nyuki, mwuza vitabu, refa. Wote wa kati ya miaka thelathini na tisa na arobaini na mitano. Na wote walitoa damu ama Jumanne ama Ijumaa.

"Damu zao zimebaki?" Kwanini aliuliza.

Zilikuwa zimebaki kidogo kidogo kwenye jokofu. Akamwomba Daktari azipime kundi la damu, zote tisa. Daktari akauliza za nini, akajibiwa kwamba leo maswali ni ya mgeni. Mgeni mwenyewe akaenda kuona nani hufanya kazi Jumanne na Ijumaa.

Walikuwa watatu. Wa kwanza aliitwa Mzee Darubini, yule mwenye uzoefu wa miaka thelathini, na kabla hata hajaketi naye Kwanini alikuwa ameshamshuku. Kwanza alikuwa akikisema vibaya kile kikaratasi hadharani, akidai kwamba dunia imekuwa mvivu wa kutazama. Pili, alipoona daftari linafunguliwa, alisogeza kiti chake taratibu mpaka kikaziba soketi ya ukutani. Koti lake jipya lilikuwa na mikono miwili yenye urefu tofauti, wa kushoto ukiishia kwenye kiwiko.

"Mzee wangu, damu za wale tisa zilipita mikononi mwako?"

"Zilipita, mwanangu. Kama zilivyopita zote."

"Na uliziongezea kitu?"

Mzee akasema ana wajukuu saba na hajawahi kuongeza kitu kwenye damu ya mtu. Lakini alisema hayo akitazama soketi. Kwanini akauliza kwa nini anatazama soketi. Mzee akasema hatazami. Kwanini akamwomba kwa heshima zote asimame kidogo. Mzee akasema magoti yanamsumbua. Wakakaa hivyo dakika nzima, mpaka kitu kikaanza kuchemka na kutoa mvuke nyuma ya kiti.

Lilikuwa birika la umeme. Waya wake ulikuwa ndani ya soketi, na waya mwingine, mweusi, ulikuwa umelala sakafuni ukiwa na vumbi. Kwanini akaufuata ule mweusi chini ya meza mpaka ukamfikisha kwenye mashine ya kuzungusha damu. Akauliza kwa nini haijachomekwa. Hapo Mzee Darubini akavua miwani, akaeleza yote kwa sauti ya chini. Utaratibu ulitaka kila damu izungushwe kwanza, ili vijidudu, kama vipo, vikusanyike mahali pamoja, kisha ndipo itazamwe. Lakini soketi ni moja, mashine inapiga kelele za kumpasua mtu kichwa, na macho yake yametazama damu miaka thelathini bila msaada wa mtu. Tangu birika lilipokuja, alikuwa akiweka tone moja kwenye kioo na kulitazama hivyo hivyo.

"Kwa hiyo wale tisa hatujui kama ni wazima," Kwanini alisema.

"Tunajua kwamba sikuona kitu," Mzee alijibu. "Na chai nilikunywa."

Kwanini alitoka pale akiwa na nusu ya furaha. Uzembe alikuwa ameupata, lakini uzembe ule ulikuwa wa kila siku, kwa damu zote sitini, na haukueleza kwa nini hao tisa tu, tena wa siku hizo mbili. Mzee alikuwa mwizi wa umeme, basi. Hakuwa mharibifu wa kipimo.

Wa pili alikuwa Karani, aliyekaa dirishani akiwaandikisha watoa damu. Huyu Kwanini hakumhoji. Alijitia mtoa damu, akapanga foleni, akafika dirishani. Karani alikuwa ameinamia daftari mpaka pua inakaribia kugusa wino.

"Umri?"

"Hamsini na mbili."

"Kazi?"

"Rubani."

Karani akaandika rubani. Akauliza kama amewahi kufika mapori ya mbung'o, akajibiwa hapana, akatoa kadi. Kwanini akaenda, akazunguka jengo, akarudi. Safari hii alikuwa na miaka thelathini na alikuwa mpiga mbizi. Karani akaandika mpiga mbizi. Mara ya tatu alikuwa na miaka themanini na alikuwa askofu, na Karani, bila kuinua kichwa, akaandika askofu, akamtakia siku njema.

Kwanini akagonga dirisha, akajitambulisha, akauliza kwa nini mtu mzima hawezi kumwona mwanamke mmoja akipita mara tatu. Karani akajitetea kwa maandishi. Alikuwa na barua ya kamati ya maadili inayosema watu wanaona aibu kupimwa malale, kwa hiyo mwandikishaji asiwatazame usoni. Alikuwa ameitii tangu siku ya kwanza, na shingo ilikuwa inamuuma. Akaongeza kwamba hata yule bwana anayelala kwenye benchi akingoja zamu yake hajui sura yake. Humwamsha kwa rula.

"Bwana gani analala?"

Karani hakujua. Alichojua ni kwamba kuna miguu ya Jumanne na Ijumaa inayonyooka mbele ya benchi, na huanza kukoroma mapema. Kwanini akaandika miguu.

Kadi tatu mkononi, akaingia chumba cha kutolea damu. Kamati ile ile ilikuwa imefika huko pia. Chumba kilikuwa kimegawanywa na pazia la kijani lenye tundu la duara, na mtoa damu alipitisha mkono kwenye tundu lile, ukatolewa damu upande wa pili na muuguzi asiyemwona. Muuguzi huyo, wa tatu katika zamu, kila mtu alimwita Sista. Kwanini akavuta pumzi, akafumba macho, akapitisha mkono. Akajikumbusha kwamba ameshakabiliana na majambazi wenye bunduki. Haikusaidia hata kidogo.

Vidole laini vikamshika kifundo. "Karibu, mama," sauti ikasema. "Huu mkono mgeni. Usiogope, unatetemeka."

Kwanini akafumbua macho. "Umejuaje kuwa mgeni?"

Upande wa pili pakasikika harufu ya spiriti, na kitu baridi kikamgusa ngozi. Ilikuwa pamba tu. Lakini Kwanini hakusubiri kujua. Aliuvuta mkono kwa nguvu zote alizowahi kuwa nazo, tundu likamnasa kiwiko, na pazia lote likateremka pamoja na fimbo yake, likamfunika kichwa mpaka miguu. Alipojitoa humo alijikuta ana kwa ana na mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye uso mpole, aliyeshika sindano ambayo hata kifuniko chake hakikuwa kimetolewa.

Hawakucheka. Kwanini alijipangusa, akakaa, akasema pole pole kwamba muuguzi anayeutambua mkono usiowahi kuja lazima aitambue iliyowahi. Sista akaiweka sindano chini.

Wakati huo Daktari akaingia mbio, kalamu ikamdondoka tena. Damu zote tisa zilikuwa za kundi moja, B hasi. Katika watu mia wa hapa, alisema, kundi hilo utalikuta kwa mmoja au wawili, na pengine usilikute kabisa.

"Basi ama kuna ukoo mmoja," Kwanini alisema, "wenye refa, mfuga nyuki, kinyozi na mchimba visima, wote wa rika moja, ambao hawaji kamwe kwa pamoja. Ama ni mtu mmoja. Dada, ni nani?"

Sista akasema hajawahi kuuona uso wake tangu pazia lilipowekwa, lakini mkono anaujua. Ni wa kushoto kila mara. Una kovu la pasi karibu na kifundo, vidole vimetobolewatobolewa, na chini ya kucha kuna chaki ya bluu. Aliutambua mara ya tatu tu. Alipaswa kusema, hakusema. Alikuwa ameishi peke yake miaka sita, na kila Jumanne na Ijumaa mkono ule ulipopita tunduni, mwenye mkono alimuuliza ameamkaje, akangoja jibu. Hakuna mwingine katika jengo zima aliyengoja jibu.

"Na wewe ulimuuliza nini?" Kwanini alisema.

"Yale ya utaratibu. Umekula? Umelala? Anasema usiku halali, yuko macho mpaka kunakucha. Mchana ndiyo usingizi unamwangusha, hata kazini. Na chakula hakimpandi." Sista akatazama chini. "Nilidhani ni mapenzi."

Daktari alikuwa amegeuka rangi, na Sista, aliyekuwa muuguzi wa malale miaka tisa, alijisikia mwenyewe akiyasema yale maneno, na mkono wake ukaenda mdomoni. Usiku macho, mchana usingizi: alikuwa amewafundisha wanafunzi dalili hiyo hiyo kwenye ubao, kwa chaki.

Kwanini akafungua daftari lake ukurasa wa kwanza. Mfuko uliogeuzwa kichwa chini. Mikono miwili isiyolingana. Miguu kwenye benchi. Akauliza ni nani aliyeshona makoti mapya ya maabara.

Duka la fundi cherehani lilikuwa ng'ambo ya barabara, likitazamana na geti. Walimkuta ameketi kwenye mashine, shavu likiwa juu ya kitambaa, mguu bado uko kwenye kanyagio, na mshono aliouanza ulikuwa umetoka kwenye suruali ukaingia kwenye shati alilovaa mwenyewe. Ukutani palining'inia koti lenye kola mbili. Mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja gauni lake alisema alikuwa fundi bora kuliko wote, watu walitoka mbali, lakini mwaka huu sijui kaingiwa na nini. Sista alimwita mara moja tu, kwa sauti ya chini. Akaamka papo hapo.

Alikiri yote kabla hajaulizwa, huku Kwanini akilitenganisha shati lake na suruali ya watu kwa mkasi. Alikuja kuwapima wafanyakazi vipimo vya makoti, akampima Sista mabega, na tangu hapo akakosa sababu ya kurudi. Kusema naye moja kwa moja hakuweza, ulimi unamfia. Akaona tangazo la kutoa damu. Waliposema mtu atoe mara moja tu, akaona kazi ziko nyingi duniani. Na porini, je? Hapo akainama. Miaka miwili nyuma alikaa miezi minne kwenye kambi ya wakata mbao akiwashonea sare, na mbung'o walikuwa wengi mno. Angesema kweli dirishani, wangemkataa.

"Yaani kote ulidanganya," Kwanini alisema.

"Kasoro mkono, mama. Mkono ulikuwa wangu."

Walimrudisha maabara saa nane na nusu. Karani, bila kuinua kichwa, akauliza kazi.

"Fundi cherehani."

"Mara yako ya kwanza?"

"Ya kumi," Sista alijibu kwa niaba yake, na kwa mara ya kwanza Karani aliinua uso akawatazama watu.

Pazia lilikuwa bado sakafuni. Sista alimtoa damu wakitazamana, na mikono yake, inayosifiwa jengo zima kwa wepesi, ilikosa mshipa mara mbili. Kando ya shingo ya fundi, upande wa nyuma, alizipapasa tezi zilizovimba, akamwonyesha Daktari kwa macho. Damu ikapelekwa kwa Mzee Darubini. Mzee hakuambiwa kitu. Alilichomoa birika mwenyewe, akachomeka ule waya wenye vumbi, na mashine ikaanza kulia mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka.

Alitazama muda mrefu. Kwanini alihesabu dakika kwa saa ya Daktari: tano, nane, kumi na moja. Ya kumi na mbili Mzee akainua kichwa, akavua miwani, akaifuta kwa ule mkono mrefu wa koti lake.

"Mwanangu," alimwambia Daktari, "njoo utazame. Macho yangu nimeshayasifu vya kutosha."

Kadudu kalikuwa kamoja tu, kembamba, kanajikunja na kusukumasukuma chembe za damu. Daktari alikatazama, akafurahi mpaka machozi yakamtoka, kisha akamkumbuka mwenye damu akiwa kwenye benchi, akaona aibu kufurahi.

Saa kumi bodi ilifika na barua ya kufunga ikiwa tayari imechapwa. Kwanini hakuwatolea hotuba. Aliwaambia kwamba watu sitini hawakuwa sitini. Walikuwa hamsini na wawili, kwa kuwa mmoja alijihesabisha mara tisa. Damu za wale hamsini na mmoja zilikuwa zimebaki pia, na Mzee angeanza kuzizungusha Jumatatu, birika likiwa nyumbani kwake. Lakini kikaratasi kilikwisha kusema mapema: hamsini na mmoja wazima, mmoja mgonjwa, na kilimtaja huyo mmoja mara tisa bila kusikilizwa. Mwenyekiti akainama kwenye darubini, akakaa hapo kitambo. Alipoinuka aliikunja ile barua, akaiweka mfukoni, akauliza kwa nini koti la Daktari liko vile. Kwanini akafurahi kusikia swali lake mdomoni mwa mtu mwingine.

Alipokuwa akiondoka alipitia benchi. Fundi alikuwa macho, kwa juhudi kubwa. Sista alikaa kando yake, akimweleza kama muuguzi anavyoeleza, lakini sauti ilikuwa inamponyoka. Bado atafanyiwa vipimo vingine, kisha ni vidonge. Angeweza kuugundua ugonjwa wiki tano nyuma, alisema, laiti asingedhani ni mapenzi tu, na asipopona hatajisamehe. Fundi akauliza vidonge vyenyewe vinamezwaje.

"Siku kumi mfululizo," Sista alisema. "Baada ya kula. Na huvimezi nyumbani. Kila siku lazima uje hapa, umeze mbele ya macho yangu, nikikutazama."

Fundi alifikiri. Uso wake ulionyesha mtu aliyepunjwa.

"Kumi tu?"